UZI: Kasuku anayeuma afundishwe vipi mpaka aache? Wafugaji wa Mbeya, Iringa na Njombe tukutane hapa

Mlezi wa Kijivu (Forest, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Naanzisha uzi huu kwa sababu kuna kasuku wengi wanateseka majumbani mwetu kwa kosa la kuuma. Ndege analetwa, watoto wanashangilia, siku chache baadaye anamng'ata mtu kidole mpaka damu. Basi. Tundu linahamishiwa stoo, anawekewa maji na mahindi, hakuna anayemsogelea tena. Baada ya muda anaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani mwenyewe mpaka ngozi inaonekana, kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto. Na kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anafika miaka 40 na zaidi. Fikirieni miaka yote hiyo aiishie stoo.

Kwetu tunaye wa kijivu, tulimrithi kwa shangazi akiwa na karatasi zake zote. Alikuja akiwa mkali, hata kumbadilishia maji ilikuwa vita. Leo anapanda mkononi kwa hiari yake, na binti yangu wa darasa la nne anamlisha karanga kwa vidole. Hajawahi kupigwa. Naeleza tulivyofanya, mwenye swali aulize.

Kasuku haumi kwa roho mbaya. Anauma kwa kuwa ameogopa, au anaumwa, au analinda tundu lake, au yuko kwenye msimu wa kutafuta mwenza, au amechoka kwa kukosa usingizi. Hizo ni sababu za mwanzo. Halafu inaingia sababu nyingine inayofanya iwe tabia: amegundua kuwa kuuma kunaleta majibu. Mkono ulikuwa unakuja, hakuutaka, akageuza kichwa, mkono ukaendelea kuja. Akasimamisha manyoya, mkono ukaendelea kuja. Akauma, mkono ukaondoka. Ndege huyu ana akili nyingi. Alex, kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg kule Marekani, aliyekufa mwaka 2007, alikuwa anataja vitu kama 50 kwa majina, anajua rangi saba na anahesabu hadi sita. Kiumbe wa namna hiyo hawezi kushindwa kujua kipi kinasikilizwa ndani ya nyumba na kipi kinapuuzwa.

Kwa hiyo kazi yote ni kumsikiliza kabla hajauma, mpaka asiwe na haja ya kuuma.

Msogelee mchana kwenye mwanga umtazame jicho. Kasuku mkubwa wa kijivu ana jicho la njano iliyopauka na mboni nyeusi katikati (kinda jicho lake ni la kijivu kizito, linapauka kadiri anavyokua). Akishtuka au akikasirika, mboni inasinyaa mpaka inabaki nukta, inafunguka, inasinyaa tena, haraka haraka. Hapo hapo tazama shingo: manyoya yamesimama. Mkia mwekundu umetanuka. Mwili umekakamaa, ameinama mbele, mdomo umeachama kidogo. Akiwa hivyo usipeleke mkono. Mboni huchezacheza pia akifurahi, hasa akiwa anaongea, kwa hiyo usisome jicho peke yake, soma mwili mzima. Na jioni ukimsikia anasaga mdomo taratibu, manyoya ya mashavu yamelegea yamefunika pembe za mdomo, huyo ametulia na usingizi unamchukua. Wengi wanadhani anakasirika.

Sasa yale tunayofanya hapa kwetu yasiyosaidia. Kumpiga kidole mdomoni: unamfundisha kuwa mkono ni adui, na ndilo alilokuwa analihofia tangu mwanzo. Kumpulizia maji, kupiga tundu, kumtikisa mkononi ili aogope, ni yale yale. Kupiga kelele "weeee!" nako hakusaidii, kasuku anapenda kelele, wengine wanauma ili wausikie huo ukelele. Na kupaka pilipili kichaa vidoleni, jambo nililoshauriwa na watu wengi sana: ndege hahisi ukali wa pilipili kabisa. Mwili wake haupokei ule muwasho kama wetu. Wangu anatafuna pilipili kichaa nzima kwa raha zake.

Kukata manyoya ya mabawa mimi nasema usikate kwa sababu ya kuuma. Ndege anayeweza kuruka, akiogopa ataruka aondoke. Ukimnyima njia hiyo umembakizia mdomo.

Tulichofanya sisi tulianzia mbali. Siku za mwanzo hakuna aliyemgusa. Tunakaa karibu na tundu, tunaongea naye sauti ya chini, tukipita tunamwachia mbegu ya alizeti kwenye kibakuli na kuendelea na shughuli. Alizeti tuliitoa kwenye chakula chake cha kila siku, ikawa kitu kinachotoka kwetu tu. Ina mafuta mengi, kwa hiyo kuipunguza ni afya pia. Alipoanza kusogea mwenyewe kila akituona, tukachukua kijiti cha mshikaki, tukakata ile ncha kali, tukakipitisha kwenye nyaya kwa mbali. Kasuku ana udadisi, lazima akiguse kwa mdomo. Akikigusa tu, unasema "safi!" papo hapo, unampa mbegu. Neno lisichelewe, anatakiwa ajue ni kitendo gani kilicholeta mbegu. Mkifika hapo atakifuata kijiti kulia, kushoto, juu, mpaka mlangoni na nje ya tundu. Ndege anafanya kazi na mdomo wake bila kumng'ata mtu, na anaona raha.

Baada ya hapo tukamfundisha kupanda. Kwanza kwenye gongo fupi la mti wa mpera, sio mkono. Unaliweka mbele ya tumbo lake, juu kidogo ya miguu, unasema "panda", kile kijiti unakiweka upande wa pili ili avuke akifuate. Akipanda, mbegu. Alipozoea gongo, mkono wangu ukawa unalishika karibu na pale anaposimama, kila siku karibu zaidi, mpaka akawa anakanyaga kidole kimoja, kisha mkono. Mazoezi ni dakika tano, kumi zikizidi sana, na unamaliza akiwa bado anataka. Akigeuza kichwa au akirudi nyuma, unatoa mkono. Watu wanasema ukitoa mkono umeshindwa. Hapana. Ukiutoa mkono alipogeuza kichwa, umemfundisha kwamba kugeuza kichwa kunatosha.

Mkono usiuingize ndani ya tundu kumtoa kwa nguvu. Tundu ni kwake. Mfungulie, atoke mwenyewe.

Karibuni.

Mdau wa Kihesa (Iringa)

Kamwene! Mkuu umenikomboa. Mimi ninaye mdogo, nilipewa na jamaa aliyehama. Swali: nikimwekea kidole apande, kabla hajapanda anakishika kwa mdomo. Mwanangu akiona hivyo anarusha mkono, ndege anaanguka, siku hizi anauma kweli. Nifanyeje?

Mlezi wa Kijivu

Kamwene kaka. Huyo hakuwa anauma. Kasuku anatumia mdomo kupandia, ni kama mguu wa tatu. Akitaka kuhamia kwenye kitu kipya anakishika kwanza kwa mdomo apime kama kiko imara. Mwanao alipourusha mkono, ndege akajifunza kwamba mkono huanguka. Sasa anashikilia kwa nguvu zaidi ili asianguke, na mtoto anaona ameumwa.

Rudini kwenye gongo. Mtoto alishike wewe ukiwa pembeni, gongo lisitikisike. Likizoeleka, wewe ndiye uanze na mkono, sio mtoto. Mkono ukae imara kabisa, kiwiko umekibana ubavuni. Akishika kwa mdomo, usitikisike. Utasikia ulimi wake mkavu unagusagusa ngozi, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Hapo sema "safi" umpe kitu.

Na akiuma kweli, usivute. Mdomo wa juu umepinda na una ncha, ukivuta ndipo unapochana ngozi. Shusha mkono taratibu karibu na meza au kitu chochote cha kukanyaga, atashuka, geuka pembeni kidogo bila neno, kisha endelea na shughuli nyingine. Usimkimbize kwenye tundu kama adhabu. Anaweza kujifunza kwamba kuuma ni njia ya kurudi kwake anapochoka na watu.

Mama Pacha (Uyole)

Habari zenu wapendwa. Wangu ni tofauti kidogo. Alikuwa mpole kabisa, anakaa begani napika. Tangu baridi hii ya mwezi wa sita iingie amebadilika. Ukimsogelea anauma, na anashinda amejikunyata, manyoya yamevimba. Tunamweka jikoni karibu na jiko la mkaa apate joto. Hiyo alizeti nianze kumpa lini?

Mlezi wa Kijivu

Dada yangu, wewe usianze mazoezi. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, kesho asubuhi ikiwezekana.

Kasuku mpole anayegeuka mkali ghafla, kwanza mhesabu ni mgonjwa. Ndege huficha ugonjwa, porini anayeonekana dhaifu huliwa. Ukiona amevimba manyoya mchana, amefumba macho, anasimama kwa miguu yote miwili analala, mkia unapanda na kushuka kila akipumua, ujue ameshaumwa muda. Baridi ya Uyole ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Tazama na kinyesi, mpigie picha daktari aone. Kama una mizani ndogo ya jikoni mpime uzito, kupungua kwa ndege kunafichwa na manyoya.

Halafu tafadhali mtoe jikoni leo hii. Mapafu ya ndege yanachukua hewa kwa namna ambayo sumu inamwingia haraka kuliko sisi, na moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwake na kwako na hao pacha. Tena kuna zile kikaangio zisizoshika chakula, zikiachwa motoni zikaungua zinatoa mvuke unaoua ndege ndani ya dakika chache, hata kama wewe husikii kitu. Dawa za mbu za kupuliza nazo zisitumike chumba alichomo. Mweke chumba kisicho na upepo, tundu likae mbali na dirisha na sakafu, funika pande tatu kwa blanketi. Ukipata chupa ya maji ya moto, izungushie kitambaa uiegemeze nje ya tundu upande mmoja, ili aweze kusogea akitaka na kuondoka joto likizidi.

Tujulishe daktari amesemaje.

Mzee wa Tukuyu

Vijana, mimi nimefuga ndege tangu nikiwa Rungwe ya zamani, kabla hamjazaliwa wengi wenu. Zamani kasuku akiuma alipigwa kibao kidogo cha mdomo, anaacha. Haya ya kubembeleza na mbegu naona yanachelewesha. Wangu tunakula naye mezani, anakula parachichi, anakula ugali, hana shida na mtu ila wajukuu.

Mlezi wa Kijivu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kutupa uzoefu, na naomba unisikilize kwa mambo mawili.

La kwanza ni la haraka: parachichi acha kabisa kumpa, tangu leo. Najua kwetu Rungwe parachichi limejaa kila uwanja, na sisi ni chakula. Kwa kasuku ni sumu. Kuna kitu ndani yake kinaitwa pasini, kiko kwenye tunda, kokwa, ganda na majani. Kinashambulia moyo wa ndege, anaanza kuhema kwa shida na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akila mara kadhaa akapona haina maana kipande kijacho hakitamuua. Vilevile chokoleti, kahawa, pombe, chumvi nyingi, na maharage mabichi makavu. Hayo maharage yakipikwa mpaka yaive vizuri anaweza kula.

La pili, kuhusu kibao. Umesema hana shida na mtu ila wajukuu. Mimi naona hapo ndipo kibao kilipoishia, mzee. Wewe anakuogopa, hakugusi. Hofu aliyonayo haijatoka, anaimalizia kwa wadogo ambao hawawezi kumrudishia. Ndege aliyefundishwa kwa mbegu hauangalii mkono ni wa nani. Mpe mjukuu mmoja tu, yule mtulivu kuliko wote, awe anampa mbegu ya alizeti kila jioni kwenye kijiko kirefu, kupitia nyaya, wewe ukiwa umekaa hapo. Kijiko kinamlinda mtoto, na ndege anaanza kumtambua mtoto huyo kwa kitu kizuri.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba mwanangu. La parachichi sikuwahi kulisikia. Nimemwambia bibi yako aliondoe mezani. Hilo la kijiko tutalijaribu, nitakuja kusema.

Tabibu wa Mifugo (Iringa mjini)

Nimepita nikaona niongeze kidogo. Alichosema mleta uzi kuhusu parachichi ni sahihi, na kuhusu kumpeleka ndege mgonjwa kwanza kabla ya mafunzo naunga mkono kwa mikono miwili. Mdomo uliokua kupita kiasi, kucha ndefu, kuumwa miguu kwa kusimama kwenye kijiti kimoja chenye unene uleule siku zote, vyote vinamfanya ndege auume mkono unaomgusa. Wekeni vijiti vya unene tofauti tofauti, matawi ya mti yasiyopuliziwa dawa.

Karanga zenu ziangalieni. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yanaota ukungu unaotoa sumukuvu, inaharibu ini la ndege taratibu. Ukiona punje imekunjamana, ina ukungu au inanuka, usimpe.

Jeraha la kung'atwa lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, papo hapo. Likivimba, likiwa jekundu au likipita kwenye kiungo cha kidole, nenda hospitali. Na kitu ambacho watu hawasemi: kuna ugonjwa wa bakteria ambao kasuku huwaambukiza watu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka na manyoya. Mtu anapata homa, kichwa kinauma, kikohozi kikavu, inaweza kufika kwenye mapafu. Unatibika kwa antibiotiki, lakini daktari hawezi kuufikiria kama hukumwambia unafuga kasuku. Mwambieni. Tundu lisafishwe kwa kulowesha kwanza kwa maji, sio kufagia vumbi kavu.

Kwa kesi ngumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanapokea.

Kijana wa Mpakani (Tunduma)

Wakuu mmenipa hamu. Huku mpakani wanapita jamaa wanauza kasuku wa kijivu bei poa, wanakuja kwenye vikapu. Nichukue mmoja nimfundishe kwa njia hii?

Mlezi wa Kijivu

Mdogo wangu, usichukue. Nakuomba.

Kasuku wa kijivu wa porini ameingizwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uamuzi ulifanyika Johannesburg mwaka 2016 na ukaanza kutumika Januari 2017. Biashara ya kimataifa ya ndege wa porini wa aina hiyo imekatazwa. Ndani ya nchi kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori huwezi kukaa naye bila kibali. Ndege wa kikapuni hana karatasi, ukikamatwa naye kesi ni yako. Hata wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na kola ya njano mnaowaona ukienda Ruaha ni wa porini, waacheni waliko.

Na kwa habari ya kuuma, huyo ndiye atakayekuuma kuliko wote. Amenaswa akiwa mkubwa, gundi au wavu, amesafiri amebanwa na wenzake, wengine wamefia pembeni yake. Mkono wa binadamu kwake ndio ule uliomnasa. Sisemi hafundishiki, ila nisingependa yeyote aongeze mahitaji ya hiyo biashara. Ukitaka kweli, tafuta mtu anayeachana na kasuku wake mwenye vibali, wapo, wengi wanaachana nao kwa sababu hii hii ya kuuma. Uliza mamlaka ya wanyamapori kwanza taratibu za kumhamisha.

Kijana wa Mpakani

Nimekuelewa kaka. Sikujua hiyo ya sheria. Naacha.

Binti Makambako

Habari za humu. Wangu ananipenda mimi tu. Mume wangu akikaa karibu yangu kwenye kochi, ndege anamrukia yeye, wakati mwingine ananiuma mimi! Huwa nambeba kifuani, namkuna mgongo mpaka chini ya mabawa, anapenda sana, anatetemesha mabawa. Usiku tunaangalia naye tamthilia mpaka saa tano. Shemeji yenu ananiambia nichague.

Mlezi wa Kijivu

Dada, hakuna haja ya kuchagua, ila kuna mambo ya kubadilisha leo leo.

Kasuku huishi wawili wawili. Huyo amekuhesabu wewe ndiye mwenza wake. Kukunwa mgongoni na chini ya mabawa, kwao ni ishara ya kupandana, ndiyo maana anatetemesha mabawa. Anaamka kihomoni, kisha anaona dume jingine linakaa karibu na mwenza wake. Kumng'ata mwenza ili aondoke mbele ya hatari ni jambo wanalofanya. Kuanzia sasa mkune kichwani na shingoni tu. Hakuna mgongo, hakuna tumbo, hakuna chini ya mabawa. Ondoa boksi, droo, au pembe yoyote ya giza anayoingia na kukwanyua makaratasi, anaona ni kiota. Punguza vyakula laini vya moto unavyomlisha mdomoni.

Usingizi: huyu ni ndege wa ukanda wa ikweta, usiku anahitaji kulala kwa muda wa masaa kumi hadi kumi na mbili. Tamthilia ya saa tano inamwacha na masaa sita tu ya kulala, atakuwa mkorofi kila siku. Saa moja jioni mpeleke chumba kingine chenye giza na utulivu, funika tundu kwa kitenge, acha sehemu ya hewa. Wengi mtaona tofauti kwa hili peke yake.

Begani asikae mpaka aache kabisa kuuma. Pale humwoni macho wala shingo, na yeye yuko karibu na jicho lako.

Na shemeji awe ndiye mwenye alizeti. Wewe acha kabisa kutoa alizeti. Yeye ampe mbegu akipita, afanye naye mazoezi ya kijiti kabla ya chakula cha asubuhi, wewe ukiwa chumba kingine. Ukiwepo, ndege atakuja kwako. Wakishazoeana, ndipo mkae wote watatu, yeye akiwa na mbegu mkononi.

Mdau wa Kihesa

Narudisha majibu kama nilivyoahidi moyoni. Gongo limefanya kazi. Ndege anapanda, anashuka, anafuata kijiti mpaka juu ya kabati. Juzi mwanangu alikaza mkono kama ulivyosema, akashikwa kwa mdomo, hakutikisika, ndege akapanda. Mtoto alikuwa amefumba macho muda wote. Ila jana aliniuma mimi nilipokuwa namrudisha tunduni. Tumeharibu?

Mlezi wa Kijivu

Hongereni sana, na mpe mwanao pongezi zangu, alifanya jambo gumu.

Hamjaharibu. Ameona kila ukisema "panda" jioni maana yake starehe imeisha. Changanya mambo: mchukue, mwingize tunduni, mpe karanga, mtoe tena papo hapo. Fanya hivyo mara kadhaa mchana bila kufunga mlango. Na chakula chake kizuri cha jioni, njegere mbichi au kipande cha hindi bichi, akikute ndani. Ataanza kuingia mwenyewe kabla hujamwambia.

Mama Pacha

Wapendwa, nimerudi. Nilimpeleka. Daktari amesema ni maambukizi ya njia ya hewa, na moshi ulizidisha. Amempa dawa ya kunywa mara mbili kwa siku. Jiko tumelihamishia nje. Leo manyoya yamelala, anakula, ila kila nikimpa dawa namfunga taulo na sasa akiona taulo tu anauma. Naogopa akipona atakuwa ananichukia.

Mlezi wa Kijivu

Pole sana dada, na hongera kwa kuwahi. Dawa usiache hata kama amechangamka, maliza zote kama alivyosema daktari.

Muulize daktari kama dawa inaweza kuchanganywa na kitu kidogo anachopenda, mfano kijiko cha uji mzito wa ulezi au papai lililopondwa. Akikubali, kwanza mzoeze bomba la sindano lisilo na sindano likiwa na juisi ya papai tupu, alinywe mwenyewe kwenye ncha, kisha ndipo dawa. Wengi wanapokea hivyo bila taulo kabisa. Kama hakubali, taulo liendelee mpaka dozi iishe, mtu mwingine ndiye amfunge, wewe ubaki wa kumpa tunda akifunguliwa. Taulo hilo lifichwe, lisionekane saa nyingine.

Akimaliza dozi, mwachie siku kadhaa bila mkono wa mtu. Kaa karibu naye ukishona au ukichambua mchele, ongea naye. Kisha lete taulo, likunje, liweke chini mbali, mpe alizeti kila akilitazama bila kukakamaa. Lisogeze kidogo kidogo siku hadi siku. Likishafika karibu na tundu na yeye anaendelea kula, chukua kijiti cha mshikaki uanze pale juu nilipoeleza.

Mzee wa Tukuyu

Mjukuu wa kike ndiye tuliyemchagua. Kijiko kinapokelewa. Bado hatujajaribu mkono.

Mlezi wa Kijivu

Msiharakishe mzee wangu. Kijiko kifupishwe kidogo kidogo, aanze kukishika katikati, kisha karibu na mdomo wa kijiko. Ndege akirudi nyuma, rudini kwenye urefu wa jana.